Meno ya Wifi

Fundi aliutambua mdomo ule kabla hajasoma karatasi iliyokuja nao.

Ulikuwa mdomo wa plasta, wa juu, hauna hata jino moja, umekaa kwenye trei pamoja na kazi nyingine tano za wiki ile. Katikati ya kaakaa palikuwa na uvimbe wa mfupa, mrefu mwembamba, kama kokwa ya tende iliyosahauliwa mdomoni. Watu wengi wana uvimbe wa namna hiyo na wala hawajui. Lakini wa huyu ulipinda kidogo kushoto, na ncha yake ya nyuma ilikuwa imegawanyika mara mbili. Fundi alipitisha kidole gumba kwenye mgawanyiko, akakirudisha, akakipitisha tena. Halafu akacheka peke yake, kicheko kifupi kibaya, hadi daktari aliyekuwa chumba cha mbele akauliza kulikoni.

"Hakuna kitu, Daktari. Nimekutana na mtu."

Karatasi ilikuwa na namba tu, na chini yake mwandiko wa daktari: mgonjwa ni mama wa makamo, anahitaji meno yote ya juu, ana shughuli ya kifamilia baada ya wiki tatu, atazungumza mbele ya wageni wa posa, anasisitiza matamshi yawe safi.

Anasisitiza! Fundi aliisoma karatasi mara tatu ili aifaidi vizuri. Miaka kumi na minane alikuwa akimwomba Mungu ampe nafasi moja tu na wifi yake, na Mungu, ambaye inaelekea naye ana utani wake, amemletea wifi mdomo wazi kwenye trei.

Huyu Fundi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye mikono mipana na miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Wagonjwa hawamjui. Wao humwona daktari mwenye koti jeupe, hutoka na meno, hushukuru koti. Yeye hukaa chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na meza iliyojaa vumbi la plasta, visu vya nta, taa ya spiriti, na kile kifaa cha chuma chenye bawaba kinachofungua na kufunga taya za plasta kana kwamba zinatafuna. Ana ulimi mkali na hasahau. Akikwambia amekusamehe, usilale.

Kazi yenyewe aliianza kwa siri. Wakati huo alikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto wa kike wa miaka minne, na mumewe hakutaka hata kusikia habari za mke kutafuta kazi. Mtaa wa pili aliishi mzee mmoja mtengeneza meno, mgane, aliyelala nyuma ya karakana yake. Watu walimwita Babu Plasta. Kila asubuhi mume akishaondoka, Fundi alimwacha mtoto kwa wifi yake, dada wa mumewe, akaenda kujifunza.

Wifi alijua. Tena si kujua kwa kuambiwa. Babu Plasta alipotaka mwanafunzi wake alete mdomo wa kujifunzia kuchukua kipimo, wifi alijitolea mwenyewe. Alikwenda karakana, akakaa kwenye benchi, akafungua mdomo, akajazwa ule ujiuji unaoganda, na wote wawili wakacheka hadi machozi maana wifi alitaka kuongea na mdomo umejaa. Plasta ilipokauka, alichukua msumari akachora chini yake tarehe, na jina lake la utani: Spika. Ukoo mzima walimwita hivyo. Hakukuwa na kikao kilichofunguliwa wala kufungwa bila yeye, na akisimama kusema, hata watoto waliacha kulia.

Wiki tatu baadaye Spika alisimama kwenye kikao.

"Kaka," alisema, "mkeo kila asubuhi anaingia nyumbani kwa mwanamume asiye na mke. Nimemwona kwa macho yangu haya. Nimenyamaza nikachoka."

Fundi alidhani ni mzaha. Alieleza habari ya meno, ya plasta, ya kazi aliyokuwa akijifunza, na alipoona nyuso zimekunjwa akamgeukia mtu pekee aliyekuwa na ushahidi. "Wifi, si ulikuja? Si ulikaa pale kwenye benchi?"

Spika alimtazama usoni bila kupepesa. "Mimi? Sijawahi kufika. Sifahamu hata mlango wake uko wapi."

Aliyasema kwa ufasaha, pole pole, kila herufi mahali pake. Na Fundi, aliyekuwa ameanza kufundishwa kusikiliza midomo, aliisikia ile S ikitoka safi kama kisu kipya. Hiyo ndiyo iliyomkata. Kabla jua halijazama aliachwa. Mtoto akabaki kwa baba yake, maana yake akabaki kwa shangazi, na shangazi hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Alikuwa ameolewa na kuachika kwa sababu hiyo, na kila mtu alilijua hilo ila hakuna aliyelitia maanani siku ile.

Fundi aliipeleka ile plasta mara mbili, ameifunga kwenye kitambaa, ili mumewe aone jina na tarehe. Mara zote mbili Spika mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Mara ya kwanza alisema kaka yake hayupo. Mara ya pili alisema, "Mtoto amelala," akafunga. Ilikuwa saa tano asubuhi. Miaka sita baadaye Fundi alikutana na binti yake barabarani, msichana wa miaka kumi na begi la shule, na msichana alipomwona akavuka kwenda upande wa pili, kama alivyofundishwa kumwepuka mwanamke aliyemtupa mtoto akafuata mwanamume. Toka siku hiyo Fundi hakwenda tena. Alibaki na kazi na chuki, na vyote viwili alivifanya vizuri.

Sasa, ili ujue alichokusudia kumfanyia wifi, lazima ujue sauti zinatokaje mdomoni, na Fundi anajua kuliko wengi waliosomea.

Sema P, au B. Midomo inafunga kabisa, hewa inajaa, kisha inapasuka. Hizo hata kibogoyo anaziweza. Sema M: mlango wa mbele umefungwa, hewa inatokea puani. Lakini kuna sauti ambazo hazifungi wala hazifungui. Zinaacha ufa. Hewa inajipenyeza kwenye ufa kwa nguvu, inakwaruza kingo, na mkwaruzo huo ndio sauti yenyewe. Ukisema F, mdomo wa chini unapanda kugusa ncha za meno ya juu, hewa inachujika hapo katikati. V ni vivyo hivyo, ila koo linanguruma; weka kidole shingoni utaisikia. TH na DH, ncha ya ulimi inachungulia kati ya meno. SH, ulimi unajivuta nyuma kidogo na kuacha nafasi pana. H na GH hukwaruzia huko nyuma, kooni, kwa hiyo hazimhusu mtengeneza meno.

Lakini S! S ndiyo mtihani wenyewe. Ulimi unabana kingo zake kwenye magego ya huku na huku, katikati unaacha mfereji mwembamba, na hewa inatoka pale kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole, ikapige ncha za meno ya mbele. Mfereji ukitanuka, S inakuwa SH. Ukibanwa mno, unapata mluzi. Na ulimi ukikosa nafasi, ukasukumwa mbele hadi kati ya meno, mtu mzima mwenye heshima zake anaanza kusema thitini na thatha.

Ndicho alichokitaka Fundi. Aliyapanga meno ya wifi kwenye nta ya waridi, mazuri, yamenyooka, halafu nyuma ya yale ya mbele akaongeza nta ya unene wa ukucha. Nusu milimita, labda na kidogo. Hakuna jicho ambalo lingeiona. Aliwaza kama aifanye nta imbane na juu ya ile kokwa pia, imtie kidonda, akaacha. Maumivu yangemrudisha kliniki. Aibu ingemfuata nyumbani. Alimwona Spika amesimama mbele ya wakwe, kifua mbele, akisema karibuni thana, na vijana wa upande wa pili wakiuma midomo wasicheke. Siku hiyo Fundi alikula chakula chake chote akaongeza.

Siku ya kujaribu nta, kabla haijabadilishwa kuwa plastiki, kwa kawaida daktari huwa peke yake na mgonjwa. Sauti ikikwama kidogo humwambia utazoea, na kwa kweli wengi huzoea, maana ulimi ni mwanafunzi mzuri. Lakini huyu alikuwa anasisitiza. Saa tatu na nusu daktari alichungulia chumba cha nyuma.

"Fundi, hebu njoo usikie mwenyewe. S hazitoki kabisa."

Fundi alivaa barakoa, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akaweka miwani.

Spika alikuwa amekonda. Nywele zimeingia mvi, shingo imelegea, lakini alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa kana kwamba wao ndio waliokuja kumwona. "Thikilizeni," alisema kwa hasira, "mimi thiwethi kuthimama mbele za watu hivi. Thitaki mathihara!"

Nyuma ya barakoa Fundi alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Kama hadithi ingeishia hapo asingelalamika.

Ukutani, kwenye kigoda, alikaa msichana wa miaka kama ishirini na miwili amepakata mkoba wa mgonjwa. Paji lake la uso, namna alivyokunja mguu mmoja chini ya kigoda, Fundi hakuhitaji kuambiwa. Msichana aliinama mbele akamshika Spika mkono.

"Mama, tulia," alisema. "Watayarekebisha."

Neno lile halihitaji meno. Midomo inafunga, hewa inapita puani, basi. Mtoto mchanga hulisema kwa fizi tupu. Fundi alilisikia likitoka kwa binti yake na kwenda kwenye kiti kile, na ile nusu milimita aliyoifurahia wiki nzima ikaonekana mchezo wa watoto. Kumwaibisha tu? Mbele ya wakwe tu? Alinyoosha mkono akayaomba meno.

Alipasha kisu kwenye moto, akaipunguza nta aliyoiongeza, yote, akailainisha kwa kidole. Hakuchukua hata dakika tano. "Vaa tena," alisema kwa sauti ya chini, ya kikazi, ambayo barakoa ilizidi kuififisha. "Sasa tupime. Mimi nitasema, wewe rudia. Sitini na sita."

"Sitini na sita," alisema Spika, akashangaa mwenyewe.

"Safisha sahani zote saba."

"Safisha sahani zote saba."

"Vumbi limefunika vifuniko."

"Vumbi limefunika vifuniko."

"Safi kabisa," alisema daktari, akaanza kuvua glavu. Msichana alitabasamu.

"Bado, Daktari. Maneno machache tu." Fundi alivuta kigoda akakaa mbele ya wifi yake, goti kwa goti. "Wifi alifika."

"Wifi alifika."

"Wifi alifika asubuhi, akakaa kwenye benchi."

"Wifi alifika asubuhi, akakaa..." Spika alipunguza mwendo. "Kwenye benchi."

"Akafungua mdomo, akafurahi, akasahau."

Spika alishika mikono ya kiti.

"Mama, sema basi," alisema msichana. "Ni maneno ya kupimia tu."

"Nimechoka."

"Basi hii ya mwisho, fupi," alisema Fundi. "Ina zote, S na F. Hii uliwahi kuisema vizuri sana. Sijawahi kufika. Sifahamu hata mlango wake uko wapi."

Mwanamke aliyesema mbele ya vikao maisha yake yote hakuweza kurudia maneno manane. Midomo ilicheza tu. Aliyainua macho, akayatazama yale yaliyokuwa juu ya barakoa, akayatazama kwa muda mrefu.

"Wewe," alisema.

"Mimi, wifi."

Daktari aliangalia huku na huku. "Mnajuana?"

"Tulikuwa ndugu," alisema Fundi, akavua barakoa, na kwa mara ya kwanza akamgeukia msichana. Msichana alikuwa ameshasimama. Mkoba ulikuwa chini.

Fundi hakumkumbatia, wala hakusema lolote kati ya yale aliyoyapanga kwa miaka. Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua droo ya chini, akarudi na vipande viwili vya plasta, kimoja cheupe, kipya, kingine kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, akaviweka juu ya meza ya vyombo. Cha zamani kilikuwa na meno yote. Lakini katikati ya kaakaa, kwenye vyote viwili, palikuwa na kokwa ileile, imepinda kushoto, imegawanyika nyuma.

"Huyu ni yeye, na huyu ni yeye," alisema. "Cha zamani nilichukua mimi, kwenye karakana ya yule mzee wanayesema nilimfuata. Kigeuze."

Msichana alikigeuza. Alisoma jina. Alisoma tarehe, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikienda. Kila mwaka tangu utoto alikuwa akiambiwa mama yake aliondoka mwezi gani.

"Uliniambia hujawahi kufika," alimwambia Spika. "Nilikuuliza mwenyewe, nikiwa darasa la saba. Ulisema wewe hata mlango huujui."

Spika aliyatoa meno ya nta akayaweka kwenye bakuli. Bila meno uso wake ulizama, akawa bibi kizee ghafla. Alinung'unika kitu kuhusu watu wazima na mambo yao, kuhusu mahali pake na wakati wake, lakini msichana alikuwa ameshaokota mkoba na kuuweka kwenye mapaja yake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Jumamosi wageni wanakuja saa nane," msichana alisema. "Saa nne ukoo wote watakuwa wameshafika. Utasimama uwaambie ulichokijua. Ukishasema, pokea wageni wangu, nisemee, fanya yote. Usiposema, nitasimama getini mwenyewe niwarudishe." Akamgeukia Fundi. Alimtazama kama mtu anavyotazama picha ya pasipoti ya mtu mwingine. "Na wewe uje."

Walipoondoka, daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Fundi, umegeuza kliniki yangu baraza."

"Nifukuze Jumatatu, Daktari. Wiki hii nina kazi."

Na kazi aliifanya. Usifikiri alilainika. Alitengeneza meno bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na aliyatengeneza kwa chuki tupu. Alizipima ncha za meno ya mbele hadi F isiteleze ikawa V. Alikwangua nyuma ya meno hadi ulimi upate mfereji wake. Alinyanyua plastiki kidogo juu ya ile kokwa isiguse wala kuchubua, ili asiwepo mtu wa kusingizia kidonda. Alitaka kila neno la Jumamosi lifike hadi kiti cha mwisho. Kusiwe na mjomba atakayesema baadaye kwamba hakusikia vizuri.

Jumamosi aliingia kwenye nyumba ile akiwa na mkoba mkubwa mweusi, akakaa kiti cha karibu na mlango. Sebule ilikuwa imebadilishwa mapazia. Watu kama ishirini, wengine hakuwajua, wengine aliwajua na wakajifanya wanatafuta kitu mifukoni. Aliyekuwa mume wake alikuwa na kitambi na upara. Alimwamkia kwa kuinua kidevu, halafu akashughulika na kupanga soda ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa nne na robo Spika alitoka chumbani ameshika leso mdomoni. Alisimama. Akaiondoa leso, na Fundi akaona fizi.

Hakuyavaa.

"Meno yananiumiha," alisema Spika, au kitu kama hicho. "Nimeyaacha. Ndugu zangu, hiku hile..." Akaendelea. Maneno yalitoka yamelowa, hayana mifupa. Pale palipotakiwa F paliingia pumzi tu, pale pa S mate. Alisema kwa dakika mbili nzima, ameinamisha kichwa kwa huzuni nzuri sana, na hakuna mtu aliyeshika hata sentensi moja.

"Amesemaje?" aliuliza shangazi mmoja.

"Ameomba radhi," alisema mjomba mkubwa. "Si mnaona hali yake? Ameomba radhi kwa yaliyopita. Yaishe."

"Yaishe," alidakia kaka yake Spika haraka haraka. "Wageni wako njiani."

Watu walianza kupumua na kusogeza viti. Binti alikuwa amesimama karibu na kabati, midomo imemkauka, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui la kufanya.

Fundi alifungua mkoba mweusi. Akatoa chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, na ndani ya maji yake, yanang'aa, meno ya juu. Aliinuka, akapita katikati ya sebule, akaiweka mezani mbele ya wifi yake, kati ya soda.

"Seti ya pili," alisema. "Plasta nilibaki nayo, si ndiyo? Haya hayaumizi, wifi. Nimeyang'arisha kwa mkono wangu."

Kuna mtu alicheka, akajikohoza. Spika alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa anatazama zulia. Alimtazama mjomba mkubwa. Mjomba akatazama chupa, kwa hamu kidogo. Ndipo binti akaondoka kabatini.

"Vaa, Mama," alisema.

Spika aliyavaa. Yalikaa mara moja, bila kutafutwa, na uso wake ukasimama. Alipofungua mdomo ikatoka ile sauti ya zamani iliyonyamazisha watoto.

"Nilifika," alisema. "Nilifika karakana, nikakaa kwenye benchi. Nilifahamu anasoma kazi. Mtoto nilikuwa naachiwa mimi, ningekosaje kufahamu? Hakuna mwanamume aliyemfuata. Nilisingizia. Akaja na ushahidi, nikafunga geti. Sikuzaa. Mtoto alishanizoea, na niliona mama yake akishapata kazi yake atahama naye. Basi."

Hakukuwa na kitu kilichopotea. F zilichujika pale pale panapotakiwa, S zilipiga ncha za meno, Z zikanguruma, na kila moja ilifika hadi kwenye kiti cha mwisho. Fundi alisimama katikati ya sebule akazipokea moja moja. Utamu aliousikia hakuuonea haya. Alimwona wifi yake akikaa chini, alimwona aliyekuwa mume wake akifuta upara kwa kiganja, na moyo wake ukasema: bado, ongezeni. Usitegemee nikwambie alimhurumia. Mume alimsogelea akaanza, "Kusema kweli, mimi wakati ule..." Fundi alimpita kama anavyopita mtu nguzo ya umeme, akatoka uani.

Uani palikuwa na sinki la nje na masufuria yaliyolowekwa. Aliosha mikono, ingawa haikuwa michafu. Baada ya muda mlango ulifunguka, binti akaja akasimama kando yake, akafungua bomba la pili. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kumlilia mwanamke mwingine, na Fundi alilijua hilo.

"Seti ya pili uliitengeneza lini?" binti aliuliza.

"Siku ileile niliyotengeneza ya kwanza."

"Ulijua atayaacha yale?"

"Nilijua." Fundi hakuweza kujizuia, sauti ilijaa ushindi. "Namjua yule. Miaka kumi na minane nimemwaza yeye asubuhi na jioni. Namjua atakavyokwepa hata kabla hajakwepa. Nalijua kaakaa lake kuliko anavyolijua mwenyewe."

Binti alifunga bomba. Alijifuta mikono kwenye gauni, upande mmoja, kisha wa pili.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi unanijua?"

Fundi alifungua mdomo, ulimi ukapanda mahali pake, na hakuna hewa iliyotoka. Alitafuta. Alikuwa na paji la uso, na mguu mmoja uliokunjwa chini ya kigoda, na msichana anayevuka barabara na begi la shule. Hakujua amesomea nini. Hakujua anaogopa nini, anacheka na nani, akiugua hupenda kuwekewa nini kitandani. Wiki tatu nzima alikuwa akitengeneza meno kwa ajili ya siku ya posa ya binti yake, na hakuwa amemuuliza mtu yeyote anayeposa ni nani.

Ndani, mtu alikuwa anarudisha viti kwenye mstari.

"Anaitwaje?" aliuliza hatimaye.

"Nani?"

"Huyo kijana wako."

Binti hakutabasamu.

"Wanafika saa nane," alisema. "Kaa. Utamsikia akijitambulisha."